Ukitoka Kupiga Mbizi Wasini, Usipande Nairobi Siku Hiyo Hiyo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Rongai aliniandikia. Yeye na marafiki zake wanne wanakwenda Kisiwa cha Wasini mwezi ujao kupiga mbizi. Jumapili asubuhi watapiga mbizi mara ya mwisho, kisha wakimbilie treni ya alasiri ya Nairobi pale Miritini. "Hatupandi ndege, kwa hivyo hakuna shida, sivyo?"

Niliusoma ujumbe huo ndani ya matatu, Thika Road, nikajikuta nimeshika kiwiko cha mkono wa kushoto.

Sisi tulikuwa sita, marafiki tangu chuo. Tulichanga shilingi 5,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, mimi nikiwa mweka hazina. Nyumba ya kulala niliitafuta mimi, mashua nikaikodi mimi, na hakuna senti iliyopotea. Najivunia hilo hadi leo. Tulikwenda Februari, kaskazi ikivuma na maji yakiwa maangavu. Wasini haina gari hata moja. Asubuhi unasikia makasia na jogoo tu, na watoto wakienda madrasa. Kule Kisite, hifadhi ya bahari jirani, kwenye mita 18 hivi, kasa alipita chini yangu, gamba lake limeota majani ya kijani upande mmoja. Hakunikimbia. Nilimfuata kwa macho mpaka mwenzangu akanigonga mtungi kunikumbusha nitazame geji.

Jumamosi usiku, tukiwa tumeshiba kaa na wali wa nazi, nahodha akasema kesho maji yatakuwa mazuri, tunaweza kuzama mara mbili kabla ya kuondoka. Wote wakashangilia. Tiketi za basi zilikuwa zimeshakatwa: Jumapili saa mbili usiku, kwa sababu Jumatatu ni kazi.

Nilijua kwamba ni hatari kupanda juu mara tu baada ya kuzama. Mwalimu wetu wa mbizi kule Diani alitufundisha, nami niliandika kwenye daftari. Nikasema, "Lakini Nairobi ni juu." Mmoja wao akanijibu, "Wewe, hayo ni ya ndege." Nikanyamaza. Sikutaka kuonekana mtu wa kuharibia wenzake raha baada ya kuchanga mwaka mzima. Kunyamaza huko ndiko ninakojutia kuliko kuzama kwenyewe.

Maana jambo lenyewe si gumu. Ukiwa chini unavuta hewa chini ya mgandamizo mkubwa. Kwenye mita 10 tu tayari ni maradufu ya ule wa ufukweni. Naitrojeni inaingia kwenye damu na misuli, na inahitaji saa nyingi kutoka polepole. Ukiharakisha kwenda mahali penye hewa nyepesi, inafanya mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Ufike kwa ndege, kwa treni au kwa basi, mwili wako umepanda juu vilevile. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linashauri kungoja angalau saa 12 kama umezama mara moja, na angalau saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Nao wanaanza kuhesabu mwinuko wa hatari kuanzia kama mita 600 juu ya bahari, si mawinguni.

Sisi tulitoka majini saa tano na nusu asubuhi. Kwa hesabu hiyo, tulipaswa kukaa pwani hadi alfajiri ya Jumatatu. Basi liliposimama Mtito Andei, usiku wa manane, sikuweza kuinua kikombe cha chai. Kiwiko kilikuwa kikiuma kwa ndani, kama jino, na bega likafuata. Wenzangu wakasema nimeulalia mkono. Kliniki ya kwanza niliyokwenda Nairobi ilinipa dawa za maumivu tu. Daktari wa pili ndiye aliyeuliza, "Wikendi ulikuwa wapi?" Nilipomjibu aliniweka kwenye oksijeni papo hapo.

Nilipona. Lakini kwenye grupu yetu mtu aliandika kwamba nadeka, na hadi leo hakuna aliyesema pole. Hilo bado linaniuma.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa Rongai, siku ya kurudi ipangeni kwanza, kabla hamjachanga hata shilingi. Atakayesema hana ruhusa ya Jumatatu, basi yeye Jumapili asizame, abaki kisiwani: atembee kwenye bustani ya matumbawe inayosimamiwa na akina mama wa Wasini, au avuke aone mapango ya Shimoni. Na wewe uliyesoma, usiseme kwa sauti ya chini kama mimi. Sema mpaka wakasirike. Kiungo kikikuuma, au ukihisi ganzi au uchovu usioeleweka baada ya kuzama, usimeze dawa ukalala; mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba ulikuwa chini ya maji.

Februari tunarudi, safari hii watu watatu. Mara ya mwisho tutazama Jumapili saa nne asubuhi. Tiketi zetu ni za treni ya Jumatatu alasiri, na nimeshazilipia.