Kiuno cha CNA: maneno kwa mnaoanza

Wengi wetu tukifika Marekani, kazi inayopatikana upesi ni ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, kwenye nyumba za wazee. Sheria ya serikali kuu inadai angalau saa 75 za mafunzo, na majimbo mengine huongeza. Darasani utafundishwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo unapomnyanyua mtu. Fanya hivyo, lakini usidhani umeshajikinga. Binadamu si gunia la mahindi: anaogopa, anakukamata shingo, miguu inamlegea mkiwa katikati ya kitanda na kiti.

Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, wanapendekeza mtu asimnyanyue mgonjwa kwa mikono ikiwa uzito anaoubeba unazidi paundi 35, yaani kama kilo 16, na hapo hali yote iwe nzuri. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unakaribia hapo. Basi karatasi ya mgonjwa ikisema watu wawili, ni wawili. Ikisema Hoyer, ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, ni Hoyer.

Haya kila mtu anayajua. Shida huja asubuhi: kengele zinalia, wote watakiwa mezani, mashine iko mwisho wa korido na betri imekwisha, mwenzako kajifungia chumba kingine. Viuno vingi huharibikia hapo. Tena sisi tuliolelewa kuheshimu wazee huona aibu kumwambia bibi asubiri, au tunaogopa kuitwa wavivu. Mwambie tu, “Nangoja mwenzangu.” Na ukiingia zamu, kabla ya lolote, angalia betri na mpatane na mwenzako: nisaidie vyumba hivi, nitakusaidia vile.

Ila si kunyanyua peke yake. Kumbadilisha mtu nepi kitanda kikiwa chini kunakula mgongo kimyakimya. Pandisha kitanda kifike usawa wa kiuno chako, kisha ukimaliza kishushe, asije akaanguka kutoka juu.

Mtu akianza kuanguka, usijaribu kumdaka. Mvute karibu kwa ule mkanda uliomfunga kiunoni, mwache ateleze taratibu kwenye mguu wako hadi sakafuni, uite nesi. Ile mikanda ya mgongo wanayojifunga wafanyakazi, hifadhi pesa yako. NIOSH hawakupata ushahidi kwamba inazuia kuumia.

Miguu nayo huadhibiwa na dabo, yaani zamu mbili mfululizo. Saa 16 kwenye sakafu ngumu si mchezo, na wenye mishipa iliyovimba wanajua. Soksi za kubana zivae ukiamka, kabla miguu haijajaa. Viatu viwe jozi mbili, uvibadilishe. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda. Ukipata ganzi kati ya mapaja au mkojo ukakushinda baada ya kuumia mgongo, usisubiri hata zamu iishe.

Na ukiumia, hata kama unaona ni kidogo, andikisha ripoti kabla hujatoka kazini na ubaki na nakala. Fidia ya kazini ina muda wake wa kudai, na kila jimbo lina wake. Msimamizi akikwambia “tuone kesho,” mwombe fomu palepale.