Milisekunde 12 za Ngamiani na 300 za Lushoto

Kijana mmoja wa Bagamoyo ameniandikia wiki iliyopita akiuliza kama anaweza kukabidhi mfumo wa mauzo kwa mfanyabiashara mwenye maduka Bagamoyo mjini, Msata na Lugoba, kwa kuwa amepima muda wa pakiti, yaani kipande kidogo cha data, kwenda kwenye seva iliyoko Dar es Salaam na kurudi, akapata milisekunde 9 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Nilipomuuliza amepimia wapi, akajibu: "Nyumbani, kaka, kwenye intaneti yangu ya waya." Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jibu hilo ndilo ningelitoa mimi miaka mitatu iliyopita, na lilininyima kazi ambayo hadi leo, nikipita mbele ya ghala la mteja yule pale Ngamiani, Tanga mjini, huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja anayeuza pembejeo za kilimo kwa jumla, mwenye ghala Tanga mjini na maduka Pangani, Handeni na Lushoto, ambaye alitaka kila duka lione mzigo uliopo ghalani papo hapo. Niliandika programu kwa miezi minne, nikaweka kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zote za mzigo na mauzo, kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam, nikapima kutoka mezani kwangu: milisekunde 12. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 350, na mwanga ndani ya mkongo husafiri karibu kilomita 200 kwa kila milisekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa njia hiyo hakuwezi kupungua milisekunde 3 hata kama mkongo wote ungekuwa wako peke yako. Kwa kipimo hicho 12 ilikuwa namba nzuri, nami niliiandika kwa herufi nene kwenye ripoti niliyomkabidhi.

Wiki ya pili simu zikaanza. "Mwanangu, mashine yako Lushoto imelala." Nilimwambia wazime na kuwasha upya, na aliponipigia tena nikamlaumu muuzaji wa duka kwamba hajui kutumia kompyuta, jambo ninaloliona aibu hadi sasa. Siku ya gulio wateja walisimama wakisubiri ukurasa ufunguke, wakachoka, wakavuka barabara kwenda kununua mbegu duka la jirani. Mama alinieleza hayo bila kupandisha sauti, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Ndipo nikapanda basi kwenda Lushoto, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Nilikaa nyuma ya kaunta, nikatumia laini ileile ya simu iliyokuwa ikitumika dukani, nikapata milisekunde 300, na mara nyingine 700. Ukurasa wa mauzo nilioutunga ulikuwa ukiiuliza kanzidata maswali 40, moja baada ya jingine, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. Maswali 40 kwa milisekunde 12 ni karibu nusu sekunde, wala mtu hahisi kitu; hayohayo kwa milisekunde 300 ni sekunde 12. Video ilicheza pale dukani bila kukwama, kwa hiyo kasi ya kupakua haikuwa tatizo. Lori linaweza kubeba magunia 200 kwa safari moja, lakini ukilituma kufuata gunia mojamoja, ukubwa wake haukusaidii.

Amri ya traceroute, inayoorodhesha kila kituo ambacho pakiti hupitia njiani na muda wake, ilionyesha lililobaki. Majina ya rauta (mashine zinazoelekeza pakiti) za katikati yalikuwa na vifupisho vya miji ya Ulaya, maana yake pakiti iliyotoka Lushoto kwenda Dar es Salaam ilikuwa ikivuka bahari na kurudi, kwa sababu kampuni ya simu ile na kampuni iliyohifadhi seva yangu hazikuwa zikipokezana data ndani ya nchi. Kituo cha kupokezania kipo Dar es Salaam, kiitwacho Tanzania Internet Exchange, lakini kituo kuwepo ni jambo moja, na kampuni mbili kukubaliana kupitisha data zao hapo ni jingine. Laini ya kampuni nyingine, kwenye kaunta ileile, ilinipa milisekunde 45. (Mstari mmoja wa katikati ukionyesha muda mrefu, usishtuke, kwani rauta nyingi hujibu traceroute kwa kujivuta, tatizo lipo pale muda unapopanda na kubaki juu hadi mstari wa mwisho.)

Nilirudi Tanga, nikayafunga maswali 40 kuwa mawili, na Lushoto ukurasa ukafunguka kwa chini ya sekunde moja. Nilikuwa nimechelewa. Mama alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia kazi amekwisha kumpa mtu mwingine, ambaye, nasema bila wivu, hajawahi kuandika hata nusu ya nilichoandika mimi, ila alianza kwa kuzunguka maduka yote matatu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pima ukiwa mahali anapokaa mtumiaji, kwa laini anayotumia yeye. Pima kila mahali, na pale ambapo huwezi kufika, mtafute shemeji au rafiki akuendeshee programu ndogo inayopima kila baada ya dakika 10 kwa wiki nzima, kwa sababu mnara ulio mtulivu saa 4 asubuhi huelemewa jioni watu wanaporudi nyumbani. Usitegemee ping, ile amri ya kutuma pakiti ndogo na kusubiri jibu, peke yake, kwa maana baadhi ya mitandao huizuia au huiweka nyuma ya foleni. Pima pia muda wa kufungua muunganisho kwenye mlango (port) uleule wa seva unaotumiwa na programu yako. Wala usimpelekee mteja wastani. Panga vipimo 100 kuanzia kidogo hadi kikubwa, umwonyeshe cha 50 na cha 95, kwani huyo wa 95 ndiye mteja anayevuka barabara. Sisi mafundi wa mjini tuna kiburi cha meza zetu, na mtu wa Lushoto akilalamika tunamwita mshamba.

Nawe wa Bagamoyo, nitumie namba za Msata na Lugoba, za saa 1 jioni na za siku ya gulio, pamoja na idadi ya maswali ambayo ukurasa wako mmoja unaiuliza kanzidata. Nikishaziona, nitakujibu kama ukabidhi.