Slagi inapiga kushoto? Weka bisibisi chini kwanza

Ndugu wa Njoro, umeuliza mbona shotigani yako ya geji 12 inapiga slagi (risasi moja nzito badala ya chembe nyingi) sentimita 10 kushoto kwa mita 25, na kama uzungushe skrubu za redidoti, kile kilengeo cha nukta nyekundu. Swali hilo lilinimalizia pakiti nyingi za risasi, na si bei rahisi.

Mimi nilikuwa napiga moja, natembea hadi kwenye karatasi, narudi, nasogeza kilengeo. Tundu likija juu, nashusha. Likija kulia, narudisha. Kufika saa sita karatasi ilikuwa chekeche, na bunduki imepotea kuliko asubuhi. Tundu moja halikwambii kitu. Piga tatu ukilenga palepale, usiguse chochote, halafu tafuta katikati yake. Kutoka hapo hadi ulipolenga ndio umbali wa kurekebisha.

Sasa, kama hayo matatu yametawanyika upana wa sahani ya ugali, kilengeo umekisingizia. Tatizo langu lilikuwa woga. Slagi ya gramu 28 ikitoka kwa karibu mita 490 kwa sekunde, kitako kinapiga teke la punda, na mwili hausahau. Mzee mmoja pale uwanjani akaniambia, "Lete nikujazie." Akachanganya risasi za kweli na za bandia bila kunionyesha. Ya tatu navuta traiga: tik! Hakuna mlio, lakini mtutu umeshainama chini kushoto, watu wote wanaona. Nilicheka kwa aibu tu. Kama unatumia mkono wa kulia, hata wewe nakushuku ugonjwa huohuo.

Ukipona, egemeza mbao ya mbele juu ya gunia la mchanga, si mtutu wenyewe. Uache upoe kati ya mizunguko. Nenda asubuhi, upepo wa mchana wa Nakuru na vumbi lake unaujua.

Usichanganye aina za risasi pia. Slagi za kampuni mbili, uzito uleule, zinaweza kutua mahali tofauti kabisa, kwa hivyo chagua moja ubaki nayo. Mtutu wako ni laini ndani, hauna mifereji, basi tumia slagi aina ya Foster au Brenneke, zilizoundwa kwa mtutu kama huo. Ile mifereji ya ubavuni mwa slagi yenyewe watu husema inaizungusha. Haifanyi kazi kubwa hiyo. Slagi inanyooka kwa sababu uzito uko mbele, kama chembe cha mshale. Slagi za saboti (zenye ganda la plastiki) waachie wenye mtutu wa mifereji, kwako zitayumba. Choku, yaani kibano cha mdomo wa mtutu, iwe wazi: silinda au silinda boreshi. Ile ya kubana sana hutawanya matundu.

Hapo sasa shika bisibisi. Redidoti nyingi, klik moja (hatua moja ya skrubu) ni karibu milimita 7 kwa mita 25, kwa hivyo sentimita 10 ni kama klik 14 kwenda kulia. Piga tatu tena, kisha urudi mita 50 umalizie huko.

Yote haya ni kwenye uwanja wenye leseni, cheti chako mfukoni. Kuna aliyeniandikia faraghani kuhusu nguruwe mwitu shambani: uwindaji ulipigwa marufuku 1977, sisi tunapiga karatasi.

Weka hapa picha ya matundu yako matatu ya kwanza, utaje na slagi uliyotumia.