Mtoto wa mbwa anabwekea kila mgeni na kila mbwa, nifanyeje?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina kijibwa changu German Shepherd ila kachanganyika, ana miezi minne na nusu, tupo Mbezi huku Dar. Akiona mtu asiyemjua anabweka mpaka sauti inakauka, tukitoka nae tukakutana na mbwa wengine ndo balaa kabisa. Mume wangu anasema tumuache atakuwa mlinzi mzuri, mi naogopa atakuja kung'ata watoto wa jirani. Nikimchapa kofi anatulia kidogo halafu anaendelea.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kofi acha leo leo. Mbwa haelewi kwamba anachapwa kwa kubweka, anachokiona yeye ni kwamba mgeni akitokea tu maumivu yanafuata, kwahiyo anazidi kumchukia mgeni, na mbaya zaidi anaweza akajifunza kunyamaza halafu siku moja ang'ate bila hata kunguruma. Mbwa asiyetoa onyo ndo wa kuogopa.

Sasa mtazame vizuri akiwa anabweka. Mkia umeshuka au umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, anasogea hatua moja mbele anarudi mbili nyuma, saa nyingine analamba pua au anapiga miayo na usingizi hana? Ukiona hivyo jua anaogopa. Watoto wa mbwa wana kipindi chao cha kuizoea dunia, toka wiki ya 3 hivi mpaka wiki ya 12 au 14, anachokutana nacho kwa amani muda huo hakimsumbui sana ukubwani. Wengi wetu muda huo tunawafungia banda la uani, anamuona mtu mmoja tu anayemletea ugali na dagaa, basi siku akija fundi kavaa kofia au bodaboda na helmeti yake lazima achanganyikiwe. Wako kapitiliza kidogo ila bado mdogo, anabadilika, utatumia muda zaidi tu.

Dawa ni umbali na chakula. Chemsha maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu (kitunguu kinamdhuru mbwa), kata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Kaa nae mahali ambapo anawaona wapita njia kwa mbali na bado anaweza kula, akikataa hata maini jua mpo karibu mno, rudini nyuma. Mtu akitokea, subiri amuone, halafu ndo utoe kipande, endelea kutoa mpaka mtu apite, akishapotea na maini yanaisha. Mpangilio huo ndo kazi yote, mtu kwanza nyama baadae, maana ukitoa nyama kabla anaweza akaanza kuiogopa nyama yenyewe. Dakika tano mpaka kumi zinatosha kwa siku. Kuna siku utashangaa kamuona mtu halafu kageuka kukuangalia wewe, hapo sasa ndo msogee hatua mbili tatu. Akibweka usimkemee, geuka nae taratibu muongeze umbali. Na usiogope kwamba unamlipa kwa kubweka, hofu haiongezeki kwa kula maini.

Kwa mbwa wenzake ni hivyohivyo, ila usianze na mbwa koko wanaotembea kundi. Omba jirani mwenye mbwa mkubwa mtulivu aliyechanjwa, mtembee mkielekea kulekule, kila mmoja upande wake, barabara ikiwa katikati yenu, wasikutanishwe uso kwa uso. Tumia mkanda wa kifuani na kamba ilegee, maana ikikaza shingoni anajihisi amenaswa. Ila kwanza hakikisha kamaliza chanjo za parvo na distemper (magonjwa ya virusi yanayoua sana watoto wa mbwa), na ya kichaa cha mbwa pia, umri wake inamfaa.

Nyumbani ziba chini ya geti kwa bati asione wapita njia, kwasababu kila anayebwekewa anaondoka zake, na mbwa anaamini yeye ndo kamfukuza. Mgeni akiingia akae, asimkazie macho, asimuinamie, amrushie kipande pembeni na amuache aje mwenyewe. Watoto wasimkimbilie.

Shemeji yangu namuelewa, ila mwambie hivi, mbwa mwoga anang'ata msoma mita na mtoto aliyefata mpira, mwizi akija na jiwe anakimbilia uvunguni. Ulinzi wa kweli unakuja akishakomaa, mwaka na nusu mpaka miwili, na anayejua kutofautisha watu ndo anafaa.

Kama ukali umeanza ghafla, au analia ukimgusa sehemu fulani, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe, maumivu nayo yanamfanya mbwa awe mkali. Na akija kumng'ata mtu, hata kama kachanjwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyohiyo, msisubiri kuona dalili za kichaa cha mbwa.