Muulize Fundi: Mpumuo mmoja ni hafifu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunda garimoshi dogo la mvuke la reli ya inchi 5, lenye mtambo wa vali wa Walschaerts (vyuma vinavyoendesha vali ya kuingiza na kutoa mvuke silindani). Linakwenda, ila kati ya mipumuo minne ya mvuke ya kila mzunguko wa magurudumu, mmoja ni hafifu. Nianzie wapi? – Mwana wa Mombasa, Manchester

JIBU: Marahaba mwanangu. Uko mji yalikoundwa magarimoshi ya Garratt ya daraja la 59, yaliyovuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Nayo yalikuwa na mtambo huohuo!

Usiguse nati bado. Tafuta mwisho halisi wa mwendo wa pistoni. Macho hayatoshi, maana hapo pistoni karibu inasimama huku gurudumu likizunguka. Piga alama kwenye njia ya kichwa cha fimbo ya pistoni, kile kinachoteleza nje ya silinda, milimita chache kabla ya mwisho. Kichwa kikifika hapo, chora mstari gurudumuni. Zungusha mpaka kirudi palepale, chora wa pili. Katikati ya mistari hiyo ndipo penyewe.

Sasa peleka wenzo wa kubadili mwelekeo mbele na nyuma kabisa. Vali isitikisike hata kidogo. Ikisogea, kasoro iko kwenye krenki ndogo ya nje au urefu wa fimbo yake. Pima hivyo kwenye ncha zote mbili za mwendo wa pistoni.

Vali ikitulia, fungua kisanduku cha mvuke ulinganishe upenyo ambao vali inauachia mvuke kuingia, wa mbele na wa nyuma, pistoni ikiwa kwenye kila ncha. Nashuhudia mara nyingi ugonjwa kama wako unakaa hapa. Sogeza vali kwenye spindeli yake nusu ya tofauti, kisha hamia silinda ya pili.