Simu za intaneti kwenye OpenBSD: chagua itifaki kwanza, programu baadaye

Ndugu, umeuliza ni programu gani huria ya simu za intaneti inayofaa kwenye kompyuta mpakato yenye OpenBSD, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ukitaka kuzungumza na dada yako aliyeko Hamburg na mara mojamoja kufanya kikao na wenzako wa kazini. Mfumo huo ndio ninaoutumia kila siku, na simu zangu nyingi za familia hupita humo, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyafanyia kazi mwenyewe.

Mipaka ya mfumo wenyewe itakuchagulia mengi. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2016, OpenBSD haina tena uwezo wa kuendesha programu zilizojengwa kwa ajili ya Linux, kwa hiyo zile za makampuni makubwa, ambazo hutolewa bila msimbo (maandishi ambayo programu hujengwa kwayo), hazitafunguka hata uhangaike vipi. Msimbo wa Bluetooth nao uliondolewa mwaka 2014, na hivyo vipokea sauti vyako lazima viwe vya waya au vya USB. Kinachobaki ni programu ambazo msimbo wake uko wazi na ambazo mtu mwenye subira amekwisha kuzirekebisha zijengeke hapa na kuziweka kwenye hazina ya vifurushi, yaani mkusanyiko rasmi wa programu zilizo tayari kuwekwa. Nakusihi ubaki ndani ya hazina hiyo. Programu ya simu unayoijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo itakudai kazi upya kila toleo jipya linapotoka, yaani kila baada ya miezi sita hivi, na dada yako hatakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Wengi hulinganisha programu kwa sura na wingi wa vitufe. Mimi naona swali la kwanza ni dada yako anaweza kutumia nini upande wake. Ukichagua itifaki iliyo wazi, yaani kanuni za mawasiliano ambazo programu yoyote inaweza kuzifuata, nyinyi wawili hamlazimiki kuwa na programu moja. Itifaki ya SIP, ambayo maelezo yake ya msingi yalichapishwa mwaka 2002 kama RFC 3261, waraka wa viwango vya intaneti, ndiyo iliyoenea zaidi kwa simu za watu wawili: yeye ataweka programu ya Linphone kwenye simu yake ya mkononi, atajisajili bure na kupata anwani inayofanana na ya baruapepe, nawe utampigia kwa programu nyingine kabisa. Jami, programu nyingine huria ya simu, inavutia kwa kuwa haihitaji seva ya kusajili akaunti, lakini inawataka wote wawili muwe na Jami, na kwa mahitaji yako sioni faida ya kujifunga hivyo.

Kwenye kompyuta yako ningeweka baresip. Ni programu ndogo inayoendeshwa kwa maandishi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), yenye leseni huria ya BSD, na jambo lililonifanya niipende ni kwamba inazungumza moja kwa moja na sndio, mfumo wa sauti wa OpenBSD wenyewe, bila tabaka la kati la kutafsiri. Baada ya kuiweka kwa amri ya `pkg_add baresip`, mipangilio yote hukaa kwenye faili chache ndani ya `~/.baresip`. Katika faili la `config` hakikisha moduli ya sndio imewashwa na kwamba mistari ya `audio_player` na `audio_source` inaitaja. Katika faili la `accounts` kila akaunti ni mstari mmoja: anwani yako, kisha `transport=tls` ili ujumbe wa kuunganisha simu usimbwe, yaani ufichwe asiweze kuusoma mtu mwingine, na `mediaenc=srtp-mand` ili simu isikubaliwe kama sauti yenyewe haijasimbwa. Viwili hivyo viende pamoja, kwa sababu ufunguo wa kusimba sauti husafiri ndani ya ule ujumbe wa kuunganisha. Ukiacha TLS, yeyote aliye njiani anaweza kuusoma.

Kuna jambo linalowakatisha tamaa wageni wengi wa mfumo huu, nao huilaumu programu bure. OpenBSD kwa kawaida hairuhusu programu yoyote kurekodi sauti: maikrofoni huonekana ipo, simu inaunganishwa, lakini kinachosafiri ni kimya kitupu. Ulinzi huu ni wa makusudi nami nauunga mkono kwa moyo wote. Unauondoa kwa amri ya `sysctl kern.audio.record=1`, na kamera ina swichi yake, `kern.video.record`. Kabla ya kugusa baresip, jirekodi kwa `aucat -o jaribio.wav`, kisha usikilize kwa `aucat -i jaribio.wav`. Usipojisikia hapo, tatizo haliko kwenye programu ya simu.

Tatizo gumu zaidi ni la mtandao. Simu inaita, dada anapokea, halafu mmoja anasikia na mwingine hasikii. Hii hutokea kwa sababu SIP huunganisha simu kwa njia moja na kuipitisha sauti kwa njia nyingine, na kompyuta yako humpa mwenzake anwani ya ndani ya nyumba, labda ile inayoanza na 192.168, ambayo haifikiki kutoka Hamburg. Kuna mbinu mbili za kusaidia: STUN huiwezesha programu kujua anwani yake inavyoonekana kutoka nje, na ICE hujaribu njia zote zilizopo hadi ipatikane inayopitisha sauti; kwa baresip unaongeza `medianat=ice` kwenye akaunti. Hata hivyo, kama unatumia intaneti ya mtandao wa simu, fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani yake ya nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, unagawana anwani moja ya umma na wateja wengine, na mara nyingi hapo STUN haitoshi. Utahitaji seva ya TURN, inayopokea sauti ya kila upande na kuipeleka kwa mwingine, kwa hiyo mchague mtoa huduma wa SIP anayeitoa.

Kuhusu bando, kodeki (njia ya kuigeuza sauti iwe data) ya zamani ya G.711 hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na vichwa vya paketi, yaani maelezo ya safari yanayoambatana na kila kipande cha sauti, huongeza 16 hivi, kwa hiyo saa moja ya mazungumzo hula takriban megabaiti 72 ukijumlisha kutuma na kupokea. Kodeki mpya zaidi ya Opus ikiwekwa kilobiti 24, saa hiyohiyo inashuka hadi 36 hivi, na sauti yake ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Usiache uchaguzi huu kwa bahati: andika `audio_codecs=opus/48000/2` kwenye akaunti.

Vikao vya kazini usivilazimishe kwenye SIP. Firefox na Chromium zimo kwenye hazina, na Jitsi Meet, programu huria ya vikao vya video, hufunguka ndani ya kivinjari bila kuweka kitu kingine. Tangu Agosti 2023, anayefungua chumba kwenye meet.jit.si, seva ya umma ya Jitsi, hutakiwa kuingia kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook, ingawa wanaomfuata hawaombwi hivyo. Kama ofisi yenu haitaki sharti hilo, msimbo wa seva nao uko wazi, na mnaweza kuiweka kwenye mashine yenu ya Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux.