Mkopo wa Kiva: wakopeshaji hawapokei riba, mbona mimi nalipa?

Swali: Mimi ni fundi cherehani mjini Kilifi. Taasisi ya mikopo midogo ilinikopesha shilingi 60,000 za mwaka mmoja, kisha ikanipiga picha ili habari zangu ziwekwe katika Kiva, tovuti ambako watu hukopesha wenye biashara ndogo. Nimesoma kuwa wakopeshaji wa Kiva hawapokei riba. Mbona mimi natozwa? Na wanachangisha nini, ikiwa fedha nimekwisha kuzipata?

Jibu: Dada yangu, ulichosoma ni kweli, ila kinamhusu mkopeshaji. Kiva, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2005 na ambayo mikopo yake ya kwanza ilikwenda Tororo, Uganda, hupokea kiasi kidogo kwa kila mtu, naye akirudishiwa hapati nyongeza yoyote. Fedha hizo hupitia kwa taasisi iliyokukopesha, ambayo ina maafisa wa kuwalipa, safari za kutembelea vikundi na hasara ya mikopo isiyolipwa, na gharama hizo huzifidia kwa riba.

Kuhusu picha, taasisi nyingi hukopesha kwanza kwa fedha zao, ndipo michango ya mtandaoni ikaja kujaza pengo. Michango ikitimia, deni lako halipungui hata senti. Natamani kila mwanamke aelezwe hivyo kabla hajakubali kupigwa picha, kwa kuwa anayedhani amepewa msaada huweza kulegea kulipa, akawatia matatani wenzake wa kikundi waliomdhamini.

La kuchunguza zaidi ni namna riba inavyohesabiwa. Tuchukue, kwa mfano tu, asilimia 18 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya shilingi 60,000 zote hadi mwisho, ingawa kila mwezi unapunguza deni, utalipa riba ya shilingi 10,800, yaani rejesho la 5,900 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, rejesho ni kama 5,500 na riba yote ni takriban 6,000. Asilimia ni ile ile, lakini shilingi 4,800 zimetoka mfukoni mwako. Hapo hatujagusa ada ya maombi, bima wala akiba ya lazima.

Ukurasa wa mkopo wako katika Kiva huonyesha gharama kwa mkopaji, lakini hiyo ni wastani wa taasisi nzima. Mwombe afisa mikopo jedwali la marejesho yako mwenyewe, lenye kila ada kwa shilingi, na umwulize riba imehesabiwa juu ya kiasi gani.